UZI: Habu ya nyuma kwa njia za mawe na mizizi – tuangalie kukamata kwanza, idadi ya meno baadaye

Kinyonga wa Magamba (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Maswali ya magurudumu ya baiskeli yamekuwa mengi na karibu yote yanaishia pale pale, kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na meno ya ndani yake yanayoshika unapokanyaga: "habu gani ina meno mengi?" Kwa maoni yangu tunaanzia katikati. Sisi tunaopanda na kushuka njia za mawe, mizizi na utelezi, iwe huku Lushoto, Uluguru upande wa Morningside au Ngong, jambo la kwanza ni kama habu itakamata kila unapokanyaga, bila kuchagua siku. La pili ni kama ikileta shida utaweza kuifungua wewe au fundi wako kwa vifaa vilivyopo mjini kwenu. Meno yanafuata baada ya hayo mawili. Nitaeleza kwa urefu, na mwenye hoja tofauti aiweke hapa tujifunze.

Tuanze na nguvu, maana watu huidharau sana. Chukua mwendeshaji wa kilo 80 amesimama juu ya pedeli, krenki (mkono wa pedeli) ya milimita 170. Uzito wake wote ukikaa kwenye pedeli moja iliyolala mbele, krenki inapokea kama nyutoni-mita 133. Yuko kwenye gia nyepesi kabisa, meno 32 mbele na 51 nyuma. Zidisha 133 kwa 51, gawanya kwa 32: habu inabeba kama nyutoni-mita 212. Nati ya gurudumu la gari dogo hukazwa kwa takriban nusu ya hapo. Na mzigo wote huo unaangukia vijino vilivyojificha ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Mtu wa barabara ya lami hafiki huko karibu kamwe. Sisi tunafika kila tukikutana na ngazi ya mawe.

Habu isipokamata mnajua kinachotokea. Gurudumu la mbele limeshapanda jiwe, umesimama, unakanyaga kwa nguvu zote ili la nyuma lifuate. Pedeli inazama bila upinzani wowote, goti linagonga usukani, kifua kinafuata. Fikiria hilo likupate kule juu ya genge la Irente.

Sasa, kinachokamata ni nini? Mfumo ulioenea zaidi ni wa ndimi: vipande vidogo vya chuma vyenye springi vilivyokaa kwenye bodi ya kaseti (kipande cha habu kinachobeba kaseti, yaani rundo la gia za nyuma), vinavyouma pete yenye meno iliyo ndani ya habu. Ukiacha kukanyaga, ndimi zinalala na kuruka juu ya meno, ndiyo ile sauti ya trrrr. Ukikanyaga zinasimama na kushika. Ndimi zikiwa chache na springi moja ikichoka, ulimi mmoja unachelewa kusimama na mzigo wote unabaki kwa wenzake. Hapo ndipo meno huanza kumeguka kimya kimya.

Mfumo wa pili ni racheti ya nyota, wa DT Swiss wa Uswisi. Ndimi hamna. Kuna pete mbili zenye meno usoni, zimetazamana, springi zinazisukuma pamoja. Ukikanyaga, meno yote ya pete hii yanauma meno yote ya pete ile kwa wakati mmoja. Mzigo ule wa 212 unagawanywa kwa meno yote badala ya ndimi tatu.

Mimi natumia habu yao iitwayo 350, kwa hiyo nawaeleza ninachokiona nikiifungua. Natoa gurudumu, nashika kaseti kwa mikono miwili, navuta moja kwa moja kwenda nje. Inatoka pamoja na bodi yake, hakuna spana. Ndani kuna pete mbili na springi mbili, basi. Napangusa kwa kitambaa mpaka chuma kionekane, kisha nageuza pete kwenye mwanga na kutazama ncha za meno. Zikiwa kali na zimeng'aa sawasawa kuzunguka pete nzima, ziko vizuri. Zikiwa zimeviringika, au upande mmoja umelika kuliko mwingine, naagiza pete mpya kabla ya safari nyingine. Napaka grisi laini ya racheti, safu nyembamba tu, narudisha springi kama zilivyokuwa, nasukuma bodi mpaka ikae. Chai haijachemka nimemaliza. Kwangu mimi huo wepesi wa kufungua una thamani kuliko meno 600, kwa sababu habu inayofunguka kirahisi ndiyo inayofunguliwa, na inayofunguliwa ndiyo inayosafishwa.

Mfumo wa tatu ni wa klachi, Onyx wa Marekani ndio wanaojulikana nao. Hauna meno kabisa. Vipande vya chuma vilivyoegama vinajikaza kati ya kuta mbili mara unapokanyaga. Inashika papo hapo na ikizunguka haitoi sauti. Ni nzito kuliko wenzake, na ukikanyaga kwa nguvu unasikia ulaini kidogo kabla haijakaza kabisa. Chris King wa Portland nao wana njia yao: pete mbili za meno 72 zenye mfumo wa skrubu ambao kadiri unavyosukuma ndivyo zinavyobanana. Ni kazi nzuri mno, lakini kuifanyia huduma kamili kunahitaji kifaa chao maalumu, na hicho kwa fundi wa Lushoto hukikuti.

Haya, meno. Naomba tufanye hesabu kabla ya kutoa hela. Gawanya 360 kwa idadi ya sehemu za kukamata, unapata nyuzi ambazo habu inaweza kuzunguka bure kabla haijashika. Kwenye gia ile ile ya 32 na 51, zidisha nyuzi hizo kwa 51 gawanya kwa 32, unapata jinsi krenki inavyozunguka bure. Kwa krenki ya 170, mguu wako unasafiri hivi, kwa kiwango cha juu kabisa:

Sehemu 18: nyuzi 20 kwenye habu, 32 kwenye krenki, mguu sentimita 9.5.
Sehemu 36: nyuzi 10, mguu sentimita 4.7.
Sehemu 54: nyuzi 6.7, mguu sentimita 3.2.
Sehemu 108 (Hope Pro 5): nyuzi 3.3, mguu sentimita 1.6.
Sehemu 690 (Hydra ya Industry Nine): nyuzi 0.52, mguu milimita 2.5.

Kutoka 18 kwenda 36 umeokoa karibu sentimita 5 za mguu, na hiyo unaisikia siku ya kwanza. Kutoka 36 kwenda 54, sentimita moja na nusu. Kutoka 108 kwenda 690, haifiki hata hiyo moja na nusu, ila bei inaruka. Halafu hizo ni sentimita za bahati mbaya kabisa. Mara nyingi meno yatakuwa yameshasogea na mguu utasafiri pungufu ya hapo.

Sitetei meno machache. Habu ya 18 kwenye ngazi za mawe inachosha, maana kila ukirudisha pedeli nusu ili isigonge jiwe, unatafuta pa kushika. Ninachosema ni kwamba ukishafika 36 mpaka 54, hela inayobaki ipeleke kwenye beringi nzuri, bodi ya chuma badala ya alumini, na pete moja ya akiba kabatini.

Na chagueni habu ya matundu 32, ya spoku zenye kichwa cha kupinda. Spoku zilizonyooka moja kwa moja ni nzuri kwa macho, lakini ikikatika Mombo Jumapili jioni hupati nyingine.

---

Fundi Spoku, Moro

Mkuu umeongea vitu vya maana. Naongezea upande wa karakana.

Magurudumu mengi yanayoletwa kwangu, ugonjwa haujaanzia kwenye meno. Umeanzia kwenye beringi. Beringi ikilegea ekseli inayumba, ekseli ikiyumba bodi ya kaseti inakaa mshazari, na bodi ikikaa mshazari ndimi zinashika upande mmoja tu. Mtu anabadilisha bodi, baada ya muda anarudi na tatizo lile lile, analaumu kiwanda.

Kuna habu za koni (nati iliyochongoka inayobana gololi) na gololi, ambazo Shimano wamezishikilia miaka yote. Spana nyembamba ya 15 kwa koni, ya 17 kwa nati ya kufungia, gololi za robo inchi, tisa kila upande. Hizo gololi unazipata hata duka linalouza vipuri vya Phoenix. Ukizifungua mapema na kubadilisha grisi zinadumu sana, na bodi yake ni ya chuma, kaseti haiichimbi. Lakini kikombe ambamo gololi zinazunguka kimekazwa ndani ya mwili wa habu. Koni ikichimbika unanunua koni. Kikombe kikichimbika, habu imekwisha. Kwa hiyo ukishika ekseli kwa vidole viwili ukaizungusha na ukasikia mikwaruzo, lete siku hiyo hiyo.

Halafu kuna za beringi za katriji, zile zilizofungwa ambazo unabadilisha nzima. Hapa kabla hujanunua uliza namba za beringi zake zote, za mwili wa habu na za bodi. Namba imeandikwa ubavuni, kwa mfano 6902-2RS: tundu la ndani milimita 15, nje 28, unene 7, mihuri ya mpira pande zote mbili. Namba hiyo ni ile ile dunia nzima. Unakwenda nayo Gerezani Dar, au Kirinyaga Road kwa ndugu zetu wa Nairobi, unatoka na beringi bila kutaja neno baiskeli. Habu ambayo beringi zake anazo muuzaji mmoja tu, tena ng'ambo, mimi siifungi kwenye gurudumu la mtu anayepanda milima kila wiki.

Na wakati wa kuingiza beringi mpya, msukumo uwe kwenye pete yake ya nje. Nimeona watu wanagonga pete ya ndani kwa nyundo. Beringi inaingia ikiwa imeshakufa.

---

Mwana wa Ngong

Asante sana kwa hii. Nataka tuongee kuhusu grisi, kwa sababu hapo ndipo niliumia.

Habu yangu ilikuwa ya ndimi, ya kawaida tu, na ilikuwa inafanya kazi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini ifanyiwe sevisi. Aliijaza grisi ya gari, ile nzito, mpaka ile sauti ikapotea kabisa. Nikafurahia ule utulivu. Asubuhi nikapanda Ngong, na kule juu ni karibu mita 2,460, baridi na upepo wa kuzungusha yale mapangaboi. Grisi ilikuwa imeganda, ndimi zimelala ndani yake hazina nguvu ya kusimama. Nilipokanyaga kwenye ule mwinuko wa pili, hakuna kitu. Nilishonwa kidevu.

Kwa hivyo: ndimi zinataka mafuta mepesi au grisi nyepesi kabisa, kidogo. Grisi nzito ni ya gololi na beringi. Racheti ya nyota nayo ina grisi yake. Ukimpa fundi habu yako, mwambie hilo kabla hajaifungua, na ukirudishiwa ikiwa kimya ghafla, usiipande mpaka uulize kwa nini.

Kitu kingine ni mashine ya presha ya kuoshea magari. Mafundi wa kuosha wanapenda kuelekeza ile bomba kwenye kaseti ili matope yatoke. Maji yanapita muhuri na hayatoki tena. Mimi sasa naosha kwa ndoo na brashi.

---

Mkazi wa Vancouver

Kaka Kinyonga, nakubaliana na mengi ila hapo kwenye meno naomba nikupinge.

Mimi naishi Kanada, naendesha North Shore: Fromme, Seymour, Cypress. Mizizi iliyolowa, mawe makubwa, madaraja ya mbao membamba kuliko usukani. Huku mwendo mara nyingi ni wa polepole mno. Uko juu ya ubao, kasi imekuishia, unahitaji robo ya mzunguko wa pedeli ili usidondoke. Hapo sentimita 4.7 ni nyingi. Mguu ukizama sentimita 4 bila kushika, mwili wote unayumba upande huo, na ubao hauna nafasi ya kuyumba. Nilihama kutoka habu ya 36 kwenda ya zaidi ya 100 na njia ambazo nilikuwa nashuka na kusukuma sasa nazipita nikiwa juu ya baiskeli.

Hesabu yako ni sahihi, ila inapima umbali wa mguu. Haipimi mizani ya mwili.

---

Kinyonga wa Magamba

Mkazi wa Vancouver, hoja yako ni nzito na naikubali kwa njia za aina hiyo. Mtu anayecheza na mizani kwenye mwendo wa kutembea, nusu pedeli baada ya nusu pedeli, atafaidika na 108. Tena Hope Pro 5 ingekuwa chaguo langu hapo: imetengenezwa Barnoldswick, Uingereza, ndimi sita katika makundi mawili yanayopokezana, na kila kipuri chake kidogo kinauzwa peke yake, hadi springi.

Hofu yangu ni jinsi namba kubwa zinavyopatikana. Zipo njia mbili: uchonge meno madogo zaidi, au upange ndimi zipokezane ili zisigonge kwa pamoja. Hydra kwa mfano ina pete ya meno 115 na ndimi sita, kila moja na zamu yake, ndiyo 690. Meno yakiwa madogo, kina cha kuumana ni kidogo, na chembe ya mchanga ambayo kwenye jino kubwa isingekuwa na maana, hapa inaweza kuzuia ulimi usikae. Kanada unafungua habu kwenye gereji yenye taa na hewa ya kompresa. Huku kiangazi vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya mihuri, masika ikija linageuka tope. Kwa hiyo anayetaka 108 huku aichukue, ila aifungue mara nyingi zaidi kuliko mwenye 36.

Kuna jambo lingine ambalo wenye shoki nyuma wanapaswa kulijua. Kwenye fremu nyingi gurudumu la nyuma likipanda, umbali kati ya kaseti na krenki unaongezeka, mnyororo unavutwa na pedeli zinasukumwa kurudi nyuma. Habu yenye mwanya mkubwa kati ya meno inaumeza mvuto huo, au sehemu yake. Habu inayoshika papo hapo inaupeleka wote miguuni. Ndiyo maana baadhi ya watu wa mteremko bado wanatafuta pete za meno 18, na wengine wanafunga kifaa kama Ochain kwenye krenki ili kuipa nyuzi chache za uhuru. Mwaka 2015 kule Leogang, Austria, Aaron Gwin wa Marekani alikatikiwa na mnyororo mara tu baada ya kutoka getini kwenye Kombe la Dunia la mteremko, akashuka njia nzima bila mnyororo na akashinda. Sisemi alishinda kwa sababu ya hilo, ila watu wengi walianza kuuliza mnyororo unaifanyia nini shoki ya nyuma.

Tahadhari moja: gurudumu likiwa linazunguka kwa kasi, linakimbia mbele ya mvuto huo na huusikii. Unausikia ukiwa umefunga breki ya nyuma, au ukienda taratibu na kupokea pigo kubwa. Na kwa wenye baiskeli isiyo na shoki nyuma, ambao ndio wengi wetu, suala hili halipo kabisa. Wachague meno bila kulifikiria.

---

Korongo wa Mbeya

Habari kaka zangu. Nimesoma yote mara mbili, nimejifunza mengi. Naomba nisaidiwe.

Nina baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, inchi 26, shoki mbele tu, breki za diski, gia 3 mbele na 7 nyuma. Napanda njia za Loleza. Ekseli ya nyuma imepinda, nimebadilisha, imepinda tena upande ule ule wa mnyororo. Fundi wa hapa ananiambia nipunguze uzito wa mgongoni. Mimi si mzito hivyo na begi langu ni la maji tu. Nanunua 350 au kuna njia nyingine? Bajeti ni ya mwalimu wa sekondari.

---

Fundi Spoku, Moro

Dada, uzito wako hauna kosa. Bila shaka una friwili (rundo la gia lenye racheti yake ndani, linaloskrubiwa kwenye habu), siyo kaseti. Tazama nyuma: ukizungusha gia kwenda kinyume na ile ganda yenye maandishi katikati ikabaki imetulia pamoja na gurudumu, ni friwili.

Kwenye friwili beringi ya upande wa mnyororo imekaa ndani, nyuma ya rundo lote la gia. Kutoka kwenye beringi mpaka kwenye fremu kuna kipande kirefu cha ekseli chembamba cha milimita 10 ambacho hakina kinachokishikilia. Ukiruka jiwe, kinapinda pale pale, kila mara. Shimano waliliondoa tatizo hili mwaka 1978 kwa kuweka friwili ndani ya mwili wa habu na kuisogeza beringi mpaka karibu na fremu. Ndiyo habu ya kaseti tunayoijua leo. Ukihamia huko ekseli itaacha kupinda, hata ukichukua ya bei ya chini.

Na usibadilishe idadi ya gia zako. Bodi ya kaseti ya gia 8 na 9 inapokea kaseti ya gia 7, ukitanguliza pete ya kujazia ya milimita 4.5 nyuma yake. Kishikio chako cha gia kinabaki kile kile.

---

Kinyonga wa Magamba

Dada Korongo, sikiliza fundi. Kwa baiskeli yako 350 ni nzuri ila si lazima. Habu ya koni na gololi ya daraja la kati au la chini ya Shimano, bodi ya chuma, itakufaa. Meno yake si mengi, mguu utasubiri kidogo kwenye mawe, lakini itakamata, na kila kitu ndani yake kinapatikana Mbeya.

Kabla ya kuagiza pima vitu vitatu. Upana wa ndani wa fremu pale gurudumu linapokaa: baiskeli za umri huo huwa milimita 135, na ekseli ya kubana kwa kishikio. Habu ya milimita 142 au 148 yenye ekseli nene ya kuchomeka haitaingia. Hesabu matundu ya rimu yako. Tazama diski imefungwa kwa boliti sita au kwa pete moja ya meno katikati.

---

Mzizima Pedeli

Kwa anayenunua gurudumu la mtumba, niweke jinsi ninavyolipima pale pale kwa muuzaji, Dar magurudumu ya namna hiyo yapo mengi.

Natoa ekseli ya kubana, nashika ekseli kwa vidole, nazungusha taratibu. Mikwaruzo au kusita, naacha. Kisha nayumbisha gurudumu kushoto na kulia nikishika rimu. Kama linacheza, ama koni zimelegea ama beringi zimekwisha. Kaseti yenyewe kucheza kidogo si dalili mbaya kwenye Shimano, ikicheza sana ni bodi. Natazama kati ya matundu ya spoku kwenye mwili wa habu kwa tochi ya simu, natafuta nyufa. Ufa mdogo pale hautengenezeki.

Mwisho, likishafungwa kwenye baiskeli: naweka gia nyepesi kabisa, nashikilia breki ya nyuma kwa nguvu, naweka mguu kwenye pedeli na kuusukuma kwa uzito wangu. Narudisha pedeli nyuma kidogo, nasukuma tena, narudisha tena, mpaka nimepita sehemu nyingi za meno. Habu yenye jino bovu itaruka hata mara moja, kwa sauti ya tak. Ikiruka mara moja pale dukani, mlimani itaruka.

---

Korongo wa Mbeya

Nimepima. Upana 135. Ni friwili kweli, ile ganda ya katikati imetulia kama fundi alivyosema. Diski ni ya boliti sita. Matundu ya rimu ni 36, siyo 32.

---

Fundi Spoku, Moro

36 ni nyingi zaidi, ni nguvu zaidi, rimu usiibadilishe. Tafuta Shimano FH-M475: ya diski ya boliti sita, upana 135, koni na gololi, bodi ya gia 8 na 9, na ipo ya matundu 36. Hakikisha muuzaji amekuandikia 36 maana ya 32 nayo ipo na kwa macho zinafanana.

Spoku za zamani usizitegemee. Kipenyo cha mabega ya habu (kingo zenye matundu ya spoku) kikibadilika, urefu wa spoku unabadilika, na upande wa mnyororo huwa fupi kuliko upande wa pili. Habu ikifika mkononi nitumie kipenyo cha duara la matundu kila upande, umbali wa kila bega kutoka katikati ya habu, na kipenyo cha ndani cha rimu pale kinati cha spoku kinapokaa. Nitakupigia hesabu ya urefu hapa hapa kwenye uzi ili na wengine waone inavyofanywa.